Safari ya Siku Moja kutoka Maskati hadi Ngome za Nizwa, Bahla na Jabrin: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Saa zote zilizotajwa humu ni za Kiswahili, kwa majira ya Oman, ambayo yako mbele ya Afrika Mashariki kwa saa moja. Saa 1 asubuhi ni 07:00 kwenye simu yako.

## Mambo ya msingi

Safari hii inapita wapi?

Inaanzia Maskati, inavuka safu ya milima ya Hajar na kushukia Oman ya ndani, upande wa pili wa milima, ambako bahari imesahaulika na jangwa linaanza kunyemelea. Huko kuna ngome tatu ambazo karibu kila msafara huzitembelea. Nizwa ina mnara mnene wa duara na soko ubavuni. Bahla ni ngome ya udongo iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1987, ya kwanza kwa Oman. Jabrin ni kasri zaidi kuliko ngome, na ndiyo yenye vyumba vizuri kuliko zote.

Baadhi ya kampuni huongeza kijiji cha Misfat al-Abriyin au mji mkongwe wa Al Hamra. Nyongeza hiyo hula muda wa ngome mojawapo, kwa hiyo uliza ni ipi itakayopunjwa.

Ni mbali kiasi gani?

Maskati hadi Nizwa ni takriban kilomita 160, mwendo wa saa mbili kasoro. Kutoka Nizwa hadi Bahla ni kilomita 40 hivi, na kutoka Bahla hadi Jabrin ni kama robo saa kwa gari. Kwenda na kurudi utapita kilomita 400. Siku nzima huchukua muda wa saa kumi na mbili, kuanzia kuchukuliwa hotelini hadi kurudishwa.

Kumbuka kwamba Maskati ni mji mrefu uliolala kando ya pwani. Anayelala Mutrah na anayelala Seeb, karibu na uwanja wa ndege, wanatofautiana kwa nusu saa au zaidi kabla safari haijaanza. Katika safari ya kundi, wa Mutrah huchukuliwa kwanza na kurudishwa mwisho.

Milima yenyewe inavukwa wapi? Barabara inatisha?

Haitishi. Gari hupita Pengo la Sumail, uwazi wa asili unaoitenganisha Hajar ya Magharibi na Hajar ya Mashariki. Kwa karne nyingi ndiyo iliyokuwa njia ya misafara ya ngamia kati ya pwani na bara, na leo inapita barabara namba 15, pana, yenye njia za kwenda na za kurudi zilizotenganishwa. Haipandi juu sana, kwa hiyo hakuna suala la hewa nyepesi wala kona za kugeuza tumbo.

Kaa upande wa kulia wakati wa kwenda, ndiko ulikolala mlima mkubwa wa Jabal Akhdar. Vilima vyeusi na vya kahawia vilivyochongoka utakavyoviona njiani ni miamba ya sakafu ya bahari ya kale iliyosukumwa juu ya nchi kavu. Wanajiolojia husafiri kutoka pande zote za dunia kuja kuigusa, kwa kuwa kwingine sehemu kubwa ya miamba ya aina hiyo iko chini ya maji. Anayetaka njia ya kupanda na kushuka kwelikweli asome swali la Wadi Bani Awf katika sehemu ya mwisho.

Lazima niwe na mwongoza watalii?

Kisheria hapana. Ngome hizi ziko wazi kwa yeyote mwenye tiketi. Lakini maelezo ukutani ni machache, na Bahla hasa ni majengo matupu: bila mtu wa kukueleza, utatembea nusu saa ukiona kuta tu, kisha utatoka ukijiuliza UNESCO waliona nini.

Jambo la kuchunga ni tofauti kati ya dereva na mwongoza watalii. Matangazo mengi yakisema "safari na dereva" maana yake ni kwamba atakufikisha langoni na kukusubiri garini. Mwongoza watalii huingia nawe, na anapaswa kuwa na leseni ya Wizara ya Urithi na Utalii. Uliza waziwazi: "Ataingia nasi ndani ya ngome zote tatu?" Jibu likiwa la kuzungukazunguka, basi ni dereva.

Msimu upi unafaa?

Oktoba hadi Aprili. Desemba na Januari mchana ni wa kupendeza, ila asubuhi na jioni huku bara kuna ubaridi ambao mtu wa pwani hautarajii, kwa hiyo chukua sweta. Juni hadi Agosti joto hupita nyuzi 40 na hakuna kivuli Bahla. Safari bado zinafanyika, lakini wanaoifurahia ni wachache.

## Kupanga siku

Ratiba ipi inafaa zaidi?

Kampuni nyingi huanza na Nizwa kwa sababu ndiyo ya kwanza njiani. Kwa siku yoyote isiyo Ijumaa, sisi tunaona ni afadhali kuanza na ya mbali na kurudi nyuma. Sababu ni tatu. Bahla na Jabrin hufungwa mapema alasiri, wakati Nizwa huchelewa kufunga. Soko la Nizwa hulala mchana, kuanzia kama saa 7 hadi saa 10, na anayefika humo saa 8 hukuta milango imefungwa. Tena, vyumba vya Jabrin ni vidogo: mabasi matatu yakifika pamoja, mtasimama foleni kwenye ngazi.

Ratiba inakuwa hivi. Toka Maskati saa 1 kamili asubuhi. Simama mara moja kwa chai na choo, si zaidi ya dakika 20. Fika Jabrin saa 3:30 na ukae saa moja na robo. Saa 5 uwe Bahla, saa nzima inatosha. Saa 6 ni sala na chakula. Saa 8 ingia ngome ya Nizwa, toka saa 9:30, kunywa kitu, kisha ingia sokoni linapofunguka. Ondoka saa 11. Miezi ya baridi jua linazama muda mfupi baadaye, na saa 1 usiku umerudi.

Ratiba hii huvunjwa na mambo mawili, na kwa kawaida ni hayohayo kila mara: kuchelewa kutoka hotelini, na kusimama dukani. Kila dakika 30 zinazopotea asubuhi hulipwa Bahla, kwa sababu ndiyo inayokatwa kirahisi.

Ijumaa ni siku nzuri au mbaya?

Vyote viwili. Asubuhi ya Ijumaa ndiyo siku ya mnada wa mifugo Nizwa, kando ya soko. Mbuzi, kondoo na ng'ombe huzungushwa kwenye duara, wauzaji wakipaza bei huku wanunuzi wamekaa wakiwapapasa wanyama mgongo na kuwakagua meno. Mnada huchangamka kuanzia saa 1 na ifikapo saa 3 umeanza kupungua. Ili uukute, ni lazima utoke Maskati saa 11 alfajiri. Kampuni inayotangaza "mnada wa mbuzi" halafu inakuchukua saa 1 inakuuzia mavumbi.

Ubaya wake: ngome hufungwa kwa ajili ya sala ya Ijumaa, na zile ndogo mara nyingine hufunguliwa asubuhi tu. Siku hiyo geuza ratiba: mnada, ngome ya Nizwa mapema, kisha piga simu kuhakikisha kama Jabrin itakuwa wazi kabla ya kuendesha huko. Ngome mbili siku ya Ijumaa ni matumaini ya haki. Tatu ni bahati.

Nikiwa na muda wa ngome mbili tu, niache ipi?

Acha Bahla. Ina historia nzito kuliko zote na itazame kwa mbali, kutoka barabarani, ambako umbo lake linaonekana vizuri zaidi kuliko ukiwa ndani. Wasanifu majengo na wanaopenda ujenzi wa udongo wasisikilize ushauri huu.

Naweza kuongeza Jabal Akhdar au Jabal Shams siku hiyohiyo?

Usifanye hivyo. Barabara ya Jabal Akhdar inapandia Birkat al-Mauz hadi uwanda wa Saiq, ulio juu kwa mita 2,000 hivi, na kuna kizuizi cha polisi kinachoruhusu magari ya 4x4 peke yake. Kupanda, kutazama na kushuka ni nusu siku. Jabal Shams, wenye kilele kirefu kuliko vyote Oman, kiasi cha mita 3,000, nao ni vivyo hivyo. Ukitaka mlima na ngome, lala Nizwa usiku mmoja. Unachoweza kuchomeka njiani ni Birkat al-Mauz penyewe: shamba la mitende, migomba, na mfereji wa Falaj al-Khatmain, mmoja wa mifereji mitano ya Oman iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2006. Dakika 30 zinatosha.

## Kuweka nafasi na pesa

Bei huhesabiwaje?

Safari ya faragha hulipwa kwa gari, si kwa kichwa. Gari la watu wanne likibeba wawili, bei haipungui, kwa hiyo familia hunufaika na msafiri wa peke yake huumia. Safari ya kundi hulipwa kwa kila mtu, lakini mara nyingine huhitaji idadi fulani ya watu ndipo itoke; uliza nini kitatokea isipofikiwa, na kama utarudishiwa pesa au utahamishiwa siku nyingine.

Kabla ya kulipa, pata kwa maandishi majibu ya haya: viingilio vimo? Chakula kimo? Maji yamo? Ngome ni zipi kwa majina? "Tembelea Bahla" na "ingia ndani ya ngome ya Bahla" ni vitu viwili tofauti, na wapo waliosimamishwa kando ya barabara dakika kumi wapige picha.

Nibebe pesa kiasi gani?

Riyali moja ya Oman ina baisa 1,000 na thamani yake ni dola 2.60 za Marekani, isiyobadilika kwa kuwa imefungwa kwenye dola. Kiingilio cha ngome ya Nizwa kwa mgeni kimekuwa riyali 5, juu ya nyingine nyingi nchini. Chakula cha wali na nyama katika mkahawa wa kawaida ni riyali 2 hadi 3, na chai ya maziwa ya kando ya barabara ni baisa 100 au 200. Kadi hukubaliwa Nizwa. Kwa mnada, chai na wauzaji wadogo chukua noti za riyali 1 na nusu riyali.

Nitapata mwongoza watalii anayezungumza Kiswahili?

Ndiyo, ukiuliza mapema. Waoman wengi waliozaliwa au wenye wazazi waliozaliwa Unguja, Pemba, Mombasa na hata Burundi walihamia Oman, baadhi baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, wengi zaidi baada ya 1970, Sultani Qaboos alipofungua milango. Kiswahili bado kinazungumzwa majumbani mwao. Baadhi wamo katika kazi ya utalii, ingawa tangazo lao limeandikwa Kiingereza na Kiarabu tu.

Angalizo moja: mkikubaliana saa kwa Kiswahili, thibitisheni pia kwa tarakimu. "Saa moja" kwa mzee aliyekulia Unguja ni 07:00. Kwa kijana wake aliyezaliwa Maskati huenda ikawa 01:00, naye akadhani umekosea.

Nahitaji viza?

Inategemea pasipoti yako, na orodha hubadilishwa mara kwa mara. Angalia na uombe kwenye tovuti ya viza ya Polisi ya Kifalme ya Oman, si kwenye kurasa za mawakala zenye nembo zinazofanana nayo. Siku ya safari beba pasipoti au nakala yake.

## Ndani ya ngome

Nizwa: nitazame nini kwenye ule mnara?

Mnara ulijengwa na Imamu (ndivyo watawala wa Oman walivyoitwa zama hizo) Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi katikati ya karne ya 17, na ujenzi unatajwa kuchukua miaka 12. Upana wake ni takriban mita 36 na, jambo ambalo wengi hawalijui, sehemu ya chini si chumba. Imejazwa mawe na udongo mpaka karibu nusu ya kimo chake. Sababu ni mizinga. Mzinga ukipigwa husukuma nyuma kwa nguvu, na ukuta mtupu ungepasuka. Mnara uliojazwa hubeba mtikisiko huo na pia humeza risasi za adui. Huu ni ujenzi wa watu waliokwishaona vita vya baruti na Wareno.

Njia ya kupanda juu ni ngazi moja nyembamba inayokatakata kona. Kila kona ina mlango mzito, na juu ya mlango kuna tundu: humo ndimo asali ya tende iliyochemshwa ilimwagwa juu ya vichwa vya wavamizi. Tende zilikuwa ghalani chini, kwa hiyo silaha hiyo haikuisha. Chini ya miguu kuna mashimo yaliyokuwa yakifunikwa kwa mbao. Siku hizi yana vyuma au vioo, lakini angalia unapokanyaga. Juu kabisa kuna matundu 24 ya mizinga yaliyouzunguka mnara, bila upande mmoja ulioachwa wazi.

Wengi hupanda mnara, hupiga picha ya kuba la msikiti na mitende, kisha huondoka. Rudi kwenye jengo la kasri lililo pembeni, lenye jiko, ghala la tende na visima. Ndilo linaloonyesha jinsi watu walivyostahimili kuzingirwa kwa miezi.

Kwa nini Bahla haina kitu ndani?

Kwa sababu ukarabati ulilenga kuokoa kuta. Ngome hii ni ya matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, juu ya msingi wa mawe, na udongo usipopakwa upya huyeyuka kwa mvua. Mwaka 1988 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kazi ikachukua miaka mingi, ikatolewa katika orodha hiyo 2004, na wageni wakaruhusiwa kuingia 2012. Kutia samani ndani kungekuwa kubahatisha.

Cha kutazama ni ukubwa na namna ya ujenzi: unene wa kuta, viraka vya plasta ya udongo na majani makavu, minara iliyojengwa vipindi tofauti. Ukiwa juu, tafuta mstari wa ukuta wa mji unaozunguka mitende na nyumba kwa urefu wa kilomita 12 hivi. Hapa palikuwa makao ya Wanabahani, waliotawala Oman ya ndani kwa muda mrefu kabla ya Wayaarubi. Wasomaji wa Lamu watalijua jina hilo: watawala wa Pate walijinasibisha na ukoo huohuo. Bahla pia ni mji wa wafinyanzi, na mwongoza watalii hatakosa kukusimulia habari za majini wake.

Na Jabrin?

Iliyojengwa na Imamu Bil'arab bin Sultan, mtoto wa yule wa Nizwa, katika miaka ya 1670, Jabrin ilikuwa nyumba ya mtawala, mahali pa elimu na ngome kwa pamoja. Chini mna ghala la tende lenye mifereji sakafuni: magunia yalipangwa juu kwa juu, uzito wake ukakamua asali, ikatiririka hadi kwenye mitungi. Juu kuna chumba cha Jua na Mwezi chenye madirisha mapana chini na membamba juu, hewa baridi ikaingia huku na ya moto ikatoka kule. Dari zake za mbao zimechorwa maua na maandishi kwa rangi nyekundu na nyeusi; lala chali sakafuni ikiwa hakuna watu, hakuna atakayekushangaa. Ghorofani kuna chumba cha farasi wa imamu, na ndiyo, farasi alipandishwa ngazi.

Kaburi la Bil'arab limo humohumo, karibu na maji ya falaji, yaani mfereji, yanayopita chini ya jengo. Alifia hapa akiwa amezingirwa na ndugu yake, Saif.

Ngome hizi zina uhusiano gani na Mombasa na Zanzibar?

Ni familia moja. Sultan bin Saif aliwatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Mwanawe Saif bin Sultan, yuleyule aliyemzingira ndugu yake Jabrin, ndiye aliyetuma jeshi Mombasa, likaizingira Ngome ya Yesu tangu Machi 1696 hadi ilipoanguka Desemba 1698. Ngome Kongwe ya Unguja nayo ilijengwa na Waoman baada ya Wareno kuondoka. Aliyetembea Ngome ya Yesu akaja Nizwa atagundua haraka kwamba mafundi wake hawakufanana: ile ya Mombasa imechorwa na Mtaliano kwa pembe kali za Kizungu, hii ni duara.

Saif amezikwa ndani ya ngome ya Rustaq, upande wa pili wa mlima. Anayetaka kufika kaburini kwake anahitaji njia nyingine kabisa (tazama Wadi Bani Awf).

## Mavazi, chakula, mwili

Nivae nini?

Mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Nizwa ni mji wa dini na wa bara. Mwanamke halazimiki kujifunika kichwa ndani ya ngome, ila awe na mtandio kwa ajili ya msikiti. Viatu viwe vya kufunga na soli isiyoteleza. Ngazi za Jabrin zimesuguliwa na miguu ya watu mpaka zinang'aa.

Chakula na vyoo?

Vyoo viko kwenye vituo vya mafuta, misikiti na ngome. Tumia vya ngome ya Nizwa, ndivyo visafi zaidi. Chakula cha mchana kiwe Bahla au Nizwa: wali wa nyama, samaki, mishkaki. Shuwa, nyama inayozikwa shimoni usiku kucha, ni ya sikukuu. Ikiwepo kwenye menyu siku ya kawaida mara nyingi ni nyama ya tanuri tu. Sokoni onja halua kabla ya kununua, wauzaji wanatarajia hivyo, na kahawa hutolewa bure pamoja nayo. Ukitosheka, tikisa kikombe. Ukikirudisha kimya kitajazwa tena.

Wazee, watoto na wenye viti vya magurudumu?

Ua wa Nizwa na soko hufikika kwa kiti cha magurudumu, kwa kusaidiwa. Mnara haufikiki, wala ghorofa za Jabrin, wala sehemu kubwa ya Bahla. Mwenye magoti mabovu apande Jabrin polepole na auache mnara wa Nizwa, kwa kuwa ngazi zake ni ndefu kwenda juu na hazina pa kupumzikia. Kuhusu watoto, hatari ni Bahla: kingo nyingi hazina reli. Mshike mkono.

Naruhusiwa kupiga picha?

Ndani ya ngome, ndiyo. Watu waombwe kwanza, wanawake wasipigwe. Usielekeze kamera kwenye kituo cha polisi au kambi ya jeshi, na zipo njiani. Droni haziruhusiwi bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, iache hotelini.

## Hali zisizo za kawaida

Njia ya Wadi Bani Awf ikoje?

Hii ndiyo njia ya kuvuka mlima wenyewe badala ya kupita pengoni. Asubuhi unapita pwani hadi ngome ya Nakhal, iliyokaa juu ya jabali, kisha Rustaq. Ukitoka hapo unapanda korongo la Wadi Bani Awf hadi kijiji cha Bilad Sayt na kileleni Sharfat al-Alamain, kisha unashukia Al Hamra na kurudi kwa barabara namba 15. Kipande cha mlimani huchukua saa mbili hadi tatu. Ni changarawe na miinuko mikali, mahali pengine gari moja tu linapita, genge liko chini ya dirisha.

Inahitaji gari la 4x4 na dereva aliyeizoea, si aliyekodi gari jana. Kushuka breki hushika moto kwa wasiotumia gia ya chini. Anayechafukwa na tumbo anywe dawa nusu saa kabla. Utapata ngome mbili, si tatu, na hutaiona Jabrin. Bima nyingi za magari ya kukodi hazigharamii uharibifu unaotokea nje ya lami, kwa hiyo soma mkataba.

Mvua ikinyesha?

Ahirisha njia ya Wadi Bani Awf bila mjadala. Mafuriko ya wadi, yaani bonde la mto ambalo kwa kawaida ni kavu, huja kutoka mvua iliyonyesha mlimani, pengine hapo ulipo jua linawaka. Aprili 2024 mafuriko yaliua watu kadhaa, wakiwemo watoto wa shule. Kuendesha gari ndani ya wadi inayotiririka ni kosa la kisheria. Barabara namba 15 kwa kawaida hupitika, lakini tahadhari ikitolewa na idara ya hali ya hewa, kampuni yenye akili haitoki, na mkataba wako uwe na kipengele cha kurudishiwa pesa.

Ramadhani je?

Ngome hufunguliwa kwa saa pungufu, mikahawa mingi hufungwa mchana, na kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani mchana hakuruhusiwi hata kwa asiyefunga. Mgeni hula ndani ya hoteli. Faida yake ni utulivu: unaweza kuwa peke yako Jabrin.

Naweza kwenda kwa basi?

Hadi Nizwa, ndiyo. Mabasi ya Mwasalat huenda huko kutoka Maskati, lakini ni machache kwa siku. Angalia la kurudi kabla ya kupanda la kwenda. Bahla na Jabrin utahitaji teksi kutoka Nizwa, na bei ya kwenda, kusubiri na kurudi ipatanwe kabla mlango haujafungwa.

Nina ndege usiku huohuo. Nihatarishe?

Ndege ikiwa baada ya saa 5 usiku, ndiyo, kwa gari la faragha, mizigo ikiwa garini: uwanja wa ndege uko upande wa Nizwa wa mji, kwa hiyo huna haja ya kuingia katikati. Ikiwa kabla ya hapo, fanya Nizwa peke yake na geuza saa 8. Safari ya kundi usiijaribu, huwezi kuwalazimisha wengine waondoke sokoni.

Tumefika na ngome imefungwa kwa ukarabati. Haki yangu ni ipi?

Hutokea, kwa sababu udongo na chokaa havikomi kutaka matengenezo. Kampuni inapaswa kujua kabla na kukupa mbadala; wa karibu na Nizwa ni Makumbusho ya Oman Kupitia Zama huko Manah, yaliyofunguliwa 2023 na yanayohitaji saa mbili, au magofu ya Tanuf, kijiji kilichobomolewa kwa mabomu katika vita vya Jabal Akhdar vya miaka ya 1950, ambacho hakina kiingilio wala saa ya kufunga. Kiingilio ambacho hakikulipwa langoni kirudishwe kwako. Kwa sehemu ya gharama ya gari usitarajie kitu, kwani mafuta yamekwishachomwa.